Chuo cha umma kilijengewaje kanisa na vijana wa ajira za serikali? Wajuzi wa Texas njooni

#1 Mtoro wa Mabibo
Wakuu, habari za jioni.

Ndani ya Texas Woman's University, mji wa Denton, kaskazini mwa Dallas, kuna kikanisa cha mawe kinaitwa Little Chapel-in-the-Woods. Mlioko Dallas mtakuwa mnakijua, hata kama ni kwa picha za harusi za watu. Kilijengwa 1939, Marekani ikiwa bado inajikongoja kutoka kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi. Waliokijenga ni vijana wasio na kazi, walioandikishwa kwenye mpango wa serikali kuu ulioitwa National Youth Administration, kwa kifupi NYA. Tarehe 1 Novemba 1939 mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akafika mwenyewe kukizindua.

Kinachonisumbua ni hiki. Chuo ni cha jimbo. Ujira wa vijana unatoka Washington. Jengo ni la kusalia. Halafu hao hao ndio wanaotufundisha kila siku kwamba serikali na dini kila mmoja akae kwake. Iliwezekanaje? Jibu la "Wamarekani wanafiki" ninalo tayari, msihangaike nalo.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Chai na vitumbua viko upande wa kulia.

#3 Wakili wa Kijiweni
Mkuu, unaihukumu 1939 kwa sheria zilizokuja baadaye. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao yanalikataza Bunge kutunga sheria ya kuanzisha dini. Bunge, yaani lile la Washington. Majimbo yalijiona hayamo kwenye katazo hilo kwa miaka mingi. Mahakama ya Juu ilikuja kutamka kwamba na majimbo yamo mwaka 1947, kesi ya Everson. Sala rasmi kwenye shule za umma nazo zilikatazwa 1962, kesi ya Engel. Chuo cha Texas kuwa na kikanisa mwaka 1939 hakikumshangaza mtu.

#4 Mtoro wa Mabibo
Wakili, hapo umejibu nusu. Texas sawa, tumeiachia. Lakini NYA haikuwa ya Texas, iliundwa kwa amri ya Rais Roosevelt tarehe 26 Juni 1935. Ni Washington yenyewe. Hao katazo linawahusu tangu mwanzo, hawakuhitaji kusubiri 1947.

#5 Wakili wa Kijiweni
Haya, niambie basi nani angekwenda mahakamani. Mwaka 1923, kesi ya Frothingham, Mahakama ya Juu ilisema mlipakodi hawezi kuishtaki serikali kuu kwa sababu tu kodi yake imetumika asivyopenda. Ukuta huo ulitobolewa 1968, kesi ya Flast, tena kwa ajili ya mambo ya fedha za umma na dini hasa. Kwa hiyo 1939 ungeweza kuwa na hoja nzito kabisa na ukakosa pa kuipeleka. Jambo kuwa halali na jambo kukosa mtu wa kulishtaki ni vitu viwili tofauti, ila ukiviangalia baada ya miaka themanini vinafanana kama pacha.

#6 Bibi Harusi Mtarajiwa
Samahani kwa kuingilia. Asiyesoma pale anaruhusiwa kufungia ndoa?

#7 Kiti cha Mbele
Dada tuanze na la msingi, bwana harusi amepatikana?

#8 Fundi Jiwe
Mimi si wa katiba, ni wa mchanga na saruji. Ila jambo mnaloliruka ni jinsi miradi ya NYA ilivyokuwa inaendeshwa. Kulikuwa na mdhamini wa mradi: mji, wilaya, shule, chuo. Mdhamini ndiye aliyetoa kiwanja, vifaa na wasimamizi. NYA kazi yake kubwa ilikuwa kulipa ujira wa vijana na kuhakikisha wanajifunza kitu. Ukifungua daftari la Washington hukuti "tumejenga madhabahu". Unakuta vijana kadhaa wamefundishwa uashi na useremala, wamelipwa. Jengo lenyewe linabaki la chuo.

Kwa hiyo Mtoro, pesa ya kanisa na pesa ya kibarua ni mifuko miwili. Hata huku kwetu mradi wa ajira za muda unalipa nguvukazi, na wenyeji wanaongezea vyao.

#9 Mtoro wa Mabibo
Fundi, hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Jengo bila nguvukazi ni lundo la mawe.

#10 Fundi Jiwe
Na nguvukazi bila mawe ni vijana wamekaa kijiweni. Ndiyo ulikuwa ugonjwa wenyewe waliokuwa wanautibu.

#11 Kijana wa Houston
Mnazunguka mbuyu. Hapo kuna mtu mmoja tu: Lyndon Johnson. Bosi wa NYA Texas, baadaye Rais wa nchi. Yule bwana akitaka kitu kijengwe kinajengwa, katiba itafuata nyuma. Kufunga mada.

#12 Mkaguzi wa Mafaili
Mada haifungwi hivyo, kijana. Johnson aliteuliwa kuiongoza NYA Texas Julai 1935, akiwa hajatimiza miaka 27, mkurugenzi mdogo kuliko wote wa majimbo. Aliondoka mapema 1937 kwenda kugombea ubunge, akashinda Aprili mwaka huo huo. Aliyeshika kiti chake ni Jesse Kellam, mtu wake tangu siku za chuo kule San Marcos. Kikanisa ni cha 1939. Wakati huo Johnson ni mbunge wa eneo la Austin, na Denton haikuwa kwenye eneo lake la ubunge.

Kazi ya NYA Texas iliyoleta sifa enzi zake zilikuwa vile viwanja vidogo vya kupumzikia kando ya barabara kuu, vyenye meza na kivuli kwa wasafiri. Huko mpe maua yake.

#13 Kijana wa Houston
Mbegu nani alipanda?

#14 Mama Wawili
Hamjambo? Mimi naishi jirani na Denton na nimeingia mle ndani kwenye harusi ya mwenzangu wa kazini. Bibi Harusi, ndiyo, wanakodisha, hata kwa wasiosoma pale.

Kinachonishangaza, mabandiko yote haya ni wanaume watupu: marais, wabunge, vijana wa zege. Hiki kilikuwa chuo cha wanawake! Kilifunguliwa 1903 kama chuo cha ufundi cha wasichana, mwaka 1939 kikiitwa Texas State College for Women. Jina la sasa limekuja 1957. Na sehemu kubwa ya sanaa iliyomo ndani ya kikanisa ilibuniwa na kutengenezwa na wanafunzi wa kike wa idara ya sanaa, zaidi ya 300. Mwalimu wao mmoja ni Dorothy LaSelle, mchoraji, ndiye aliyewasimamia kwenye vioo vya rangi.

Na vioo vyenyewe vinafaa kutazamwa taratibu. Hujaoneshwa mitume wamepangwa mstari. Vinaonesha wanawake wakihudumia mahitaji ya watu: kuna uuguzi, ualimu, sayansi, uandishi, muziki, hata kucheza dansi, na cha kule mbele ni cha mama. Mimi ni muuguzi. Nilikuta kazi yangu imewekwa mahali ambapo nimezoea kuona watakatifu, nikasimama pale mpaka walionifuata nyuma wakaniomba nipishe.

#15 Kiti cha Mbele
Uzi umeanza kunoga. Mtoro, unasikia? Huenda si kanisa, ni orodha ya kozi za chuo kwenye vioo.

#16 Wakili wa Kijiweni
Unatania, lakini hilo ni jibu la kisheria kabisa. Kikanisa hakikuwa cha dhehebu lolote. Hakina mchungaji wa Kibaptisti wala padri anayedai ni chake, na mapambo yake yanasifu taaluma. Ukimpelekea jaji picha hizo hata leo utamtoa jasho kabla hajaamua ni dini gani hasa iliyoanzishwa.

#17 Mwana Mkunazini
Wakili, tusidanganyane mchana. Kutokuwa na dhehebu mwaka 1939 kule Texas maana yake ni Wakristo wa aina zote wamekaribishwa, yaani Waprotestanti kwanza na wengine wakipenda. Myahudi angejiona mgeni na Muislamu asingefikiriwa. Jambo likiwa la walio wengi halionekani kuwa ni dini, linaonekana kuwa ni mazingira. Sisi watu wa visiwani tunalijua hilo vizuri kwa upande wake wa pili.

#18 Wakili wa Kijiweni
Nakubali nusu, na nusu nyingine naihifadhi kwa ajili ya rufaa.

#19 Kuku Mgeni
Wadau, Mkenya hapa. Hii story ya kazi za serikali kwa vijana sisi tunaijua. Tulikuwa na Kazi kwa Vijana 2009, halafu Kazi Mtaani 2020 wakati wa korona. Mimi nilikuwa kwa hiyo ya pili. Tulizibua mitaro, tukafyeka, tukafagia, mtaa ukang'aa bana, na pesa iliingia kwa simu. Lakini hakuna mtu alikuja akasema, "Vijana, leo tunajifunza kujenga tao la matofali." Ningependa sana kuwa na kitu ya kuonyesha watoto. Mtaro ukizibuka leo, kesho mvua inafanya yake.

Sasa swali kwa Fundi. Hao vijana walilipwa ngapi? Na kijana hajawahi kushika mwiko anajengaje kanisa ya kuzinduliwa na mke wa Rais?

#20 Jeshi la Miti
Hao ni CCC, lile jeshi la vijana la kupanda miti la Roosevelt. Walikuwa wanalipwa dola 30 kwa mwezi na dola 25 zinatumwa nyumbani moja kwa moja. Kambi, bendera, kuamka alfajiri.

#21 Mkaguzi wa Mafaili
Hapana, unachanganya mafaili. CCC ilikuwa ya vijana wa kiume, waliishi kambini, kazi nyingi misituni na mbugani. NYA ilichukua wa kiume na wa kike, na ilikuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wanafunzi: unabaki shuleni, unafanya vibarua vya maktaba, maabara au ofisi, unalipwa kidogo usiache masomo. Wa chuo kwa kawaida dola 15 kwa mwezi, mwisho 20. Wa sekondari dola 6. Mkono wa pili ni waliokwisha toka shule na hawana kazi. Hao ndio walijenga. Ujira wao nao haukuwa wa kununulia gari, ulicheza kwenye dola 10 hadi 25 kwa mwezi.

#22 Jeshi la Miti
Roosevelt ni yule yule.

#23 Fundi Jiwe
Kuku Mgeni, umeuliza swali la kazi, nitakujibu la kazi.

Tazameni picha za nje. Ukuta ni wa mawe ya kuokotwa mashambani, hayakuchongwa kila jiwe lifanane na mwenzake. Ukuta wa namna hiyo unamsamehe mwanafunzi. Jiwe likikaa upande kidogo, ndiyo uzuri wake. Mpe huyo huyo kijana ukuta wa matofali ulionyooka na kila kosa lake litasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo mimi nasema mchoraji wa ramani alijua anapewa mikono ya namna gani, akachora jengo la mikono hiyo.

Halafu ingia ndani. Kuna matao ya matofali yanayoanzia chini kabisa karibu na sakafu, yanapanda yakichongoka kidogo kama yai, yanashuka upande wa pili. Tao la umbo hilo linapeleka uzito wote wa paa chini ardhini kwa kufuata mkunjo wake wenyewe. Nikiangalia picha, ukuta wa pembeni umebaki na kazi ndogo sana. Lakini matao hayo hapana, hayo si ya mwanafunzi. Yanataka kiunzi cha mbao kilichokatwa kwa umbo lile lile, unapanga matofali juu yake kutoka pande zote mbili mpaka mkutane katikati, halafu unasubiri pakauke ndipo utoe mbao. Ukitoa mapema umeua watu. Mle palikuwa na mafundi wazoefu wanasimamia, hilo siulizi mtu.

#24 Kuku Mgeni
Hii ndiyo ile nilikuwa nataka. Asante Fundi.

#25 Ramani za Ghorofa
Fundi, heshima yako, lakini ya mawe sikubaliani nawe. Mchoraji ni O'Neil Ford, pamoja na Arch Swank. Ford alikuwa anapenda mawe ya aina hiyo muda mrefu kabla ya NYA. Mwaka 1926 aliajiriwa na Dave Williams, mchoraji wa ramani za majengo wa Dallas, na wawili hao wakawa wanazunguka Texas wanachora na kupiga picha nyumba za zamani za walowezi, sehemu kama Castroville na Fredericksburg. Kuta za mawe, vibaraza virefu, paa za bati. Huko ndiko alikojifunza. Hata angepewa mafundi bora wa Italia angewaambia waweke mawe hayo hayo.

#26 Fundi Jiwe
Inawezekana. Ila mteja maskini na mchoraji anayependa vya bei nafuu wakikutana, hutajua nani alimshawishi mwenzake.

#27 Ramani za Ghorofa
Na hapa kuna utamu zaidi. Ford hakuwa na shahada ya usanifu. Alikaa kidogo kwenye chuo cha ualimu cha hapo hapo Denton, uchoraji akausomea kwa posta, kozi zile za kutumiwa kwenye bahasha. Mwaka 1939 hajafika miaka 34 na anapewa jengo ambalo mke wa Rais anakuja kulizindua. Jiulizeni kwa nini.

Jibu langu: Dave Williams, yule bosi wake wa zamani, wakati huo alikuwa ofisa wa NYA Washington. Na mwaka huo huo wa 1939 Ford anapewa tena kazi ya kukarabati mtaa wa La Villita, San Antonio, kwa vijana wa nani? NYA. Meya wa San Antonio ni Maury Maverick, kada wa Roosevelt. Mnaopenda kusema kujuana ni ugonjwa wa Afrika, karibuni.

#28 Mama Wawili
Au tuseme alikuwa mtoto wa Denton. Alizaliwa mashambani Pink Hill 1905, akalelewa Denton na mama yake mjane, na mdogo wake Lynn alikuwa mchonga mbao hodari. Chuo kinatafuta mtu, mtu yuko mtaa wa pili. Si kila kitu kinapitia Washington.

#29 Ramani za Ghorofa
Mama, hayo mawili hayapigani. Mtoto wa nyumbani mwenye mjomba wizarani. Ndiye anayeshinda zabuni duniani kote.

#30 Pwani Mchangani
Nyie mnabishana na jina la mtu nisiyemjua, wakati kanisa la chuo lililojengwa na wanafunzi maarufu ni la Frank Lloyd Wright, yule mchoraji mashuhuri wa ramani za majengo! Lile la Florida. Nalo lilijengwa kwa mpango huo huo wa Roosevelt.

#31 Mkaguzi wa Mafaili
Si mpango huo huo. Unalolisema ni Annie Pfeiffer Chapel, Florida Southern College, mji wa Lakeland. Lilianza kujengwa 1938 na kuzinduliwa 1941. Wanafunzi kweli walichimba, wakafyatua matofali ya zege na kujenga, lakini walifanya hivyo kulipia ada. Ni mkataba wa chuo na wanafunzi wake, na rais wa chuo, Ludd Spivey, ndiye aliyemwendea Wright akiwa na ndoto kubwa na mfuko mwepesi. Chuo ni cha Wamethodisti, cha binafsi. Swali la Mtoro halipo kule kabisa.

#32 Mtoro wa Mabibo
Asante Mkaguzi. Tena hapo ndipo swali langu linapoonekana. Kule kanisa wamejijengea wenyewe, la kwao. Hapa Denton mkono ni wa serikali.

#33 Mzalendo wa Kwembe
Kufanya kazi kulipia ada, sisi tulisoma Elimu ya Kujitegemea tangu 1967. Tulilima, tukafuga, tukafyatua matofali ya madarasa. Wazungu wakifanya wanaandikiwa vibao vya historia, sisi tukifanya tunaambiwa tulipoteza vipindi.

#34 Kiti cha Mbele
Mzee wangu, matofali yenu yapo, tatizo ni kwamba hamkuweka vioo vya rangi.

#35 Mzalendo wa Kwembe
Tuliweka jasho. Lingeonekana lingeng'aa zaidi.

#36 Nyayo za Babu
Kabla ya hao wote ilikuwa Tuskegee, Alabama. Kanisa la Tuskegee lilijengwa na wanafunzi weusi miaka ya 1890, kwa matofali waliyoyafyatua wao wenyewe chuoni, na kuchorwa na Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu MIT, kile chuo cha teknolojia cha Massachusetts. Lilikamilika 1898, likaungua 1957. Hakuna Rais wala mke wa Rais aliyewalipa ujira.

Sasa naomba niulize kile ambacho mabandiko 35 hayajauliza. Hao vijana wa NYA wa Denton na hao wasichana 300 walikuwa watu gani? Chuo kile hakikumpokea mwanafunzi mweusi mpaka 1961. Vioo vinasema mwanamke anahudumia mahitaji ya wanadamu. Wanadamu gani?

#37 Ramani za Ghorofa
Mkuu, tunazungumzia usanifu na sheria. Ubaguzi una nyuzi zake.

#38 Nyayo za Babu
Huu pia ni wake. Karibu kabisa na chuo hicho palikuwa na mtaa wa weusi, Quakertown. Nyumba, makanisa, maduka, kibanda cha kushona viatu, shule. Mwaka 1921 wapiga kura wa Denton walipitisha hati fungani za kununua eneo lote ili iwe bustani ya mji. Rais wa chuo wa wakati huo alisimama hadharani kuunga mkono, kwa hoja kwamba mtaa wa weusi kuwa jirani na wasichana wa chuo unakichafulia chuo jina. Kufikia 1923 watu walishahamishiwa kusini mashariki mwa mji, wengine nyumba zao zikaburutwa nzima nzima mpaka huko.

Na wewe Ramani, la usanifu hili hapa: miaka ya 1960 mji ulijenga jengo la manispaa na ukumbi wa jiji ndani ya bustani hiyo. Aliyevichora ni O'Neil Ford.

#39 Ramani za Ghorofa
Hilo la mwisho nalijua. La kwanza nilikuwa sijaliunganisha nalo.

#40 Mwana Mkunazini
Nyayo, na NYA yenyewe? Nasikia kulikuwa na mama mweusi kwenye uongozi.

#41 Nyayo za Babu
Mary McLeod Bethune. Alikuwa mkuu wa idara ya mambo ya weusi ndani ya NYA kule Washington, na kwa nafasi hiyo alipigania fungu la wanafunzi weusi mpaka likaonekana. Mkurugenzi wa NYA nchi nzima, Aubrey Williams, alikuwa mzungu wa Alabama aliyechukiwa na wazungu wenzake wa kusini kwa msimamo wake. Kwa hiyo juu kulikuwa na nia. Chini mambo yalikwenda kwa desturi ya jimbo. Texas walipotakiwa kuweka mtu mweusi kwenye bodi ya ushauri, mkurugenzi wa jimbo alikataa, akaunda bodi ya pembeni ya weusi peke yao. Kijana wa Houston, mkurugenzi huyo ni mtu wako.

#42 Kijana wa Houston
Johnson huyo huyo alisaini Sheria ya Haki za Kiraia 1964. Na vyuo vya weusi vya Texas vilipata fedha za NYA kwake, wengine wanasema alizipitisha kimyakimya ili wazungu wasipige kelele.

#43 Nyayo za Babu
Yote mawili yako kwenye rekodi. Sijasema lisilo kweli.

#44 Wakili wa Kijiweni
Nirudi kwa Mtoro na nadharia nyingine, kwa sababu ya sheria haijamtosha. Tazameni kalenda. Vita vya Ulaya vimeanza Septemba 1, 1939. NYA imepingwa tangu kuzaliwa, wapo waliosema Roosevelt anaunda kikosi cha vijana kama cha Hitler. Eleanor naye anaandamwa kwa urafiki wake na American Youth Congress, jumuiya ya vijana ambayo wabunge wa kamati ya Dies, ile ya Bunge ya kuwasaka wanaodhaniwa kuihujumu Marekani, wanaiita ya kikomunisti. Mwishoni mwa Novemba hiyo hiyo ataenda kukaa kwenye chumba cha mahojiano ya kamati hiyo kuwapa vijana wale moyo.

Katikati ya hayo, picha gani nzuri kuliko mke wa Rais mbele ya kikanisa kilichojengwa na vijana wa NYA? Nani atasema wakomunisti wanajenga makanisa? Katiba ikae pembeni kwanza, tupige picha.

#45 Mama Wawili
Wakili, Eleanor alianza kuwalilia vijana wale kabla hata NYA haijakuwapo. Alikuwa na hofu ya kupoteza kizazi kizima, na yeye ni mmoja wa waliomsukuma mumewe kuuanzisha mpango. Na alikuwa anazunguka nchi nzima kukagua miradi, shule, magereza, migodi. Kwenda Denton kwenye chuo kikubwa cha wanawake hakuhitaji hesabu za siasa.

#46 Wakili wa Kijiweni
Mwanasiasa hodari ni yule ambaye moyo wake na hesabu zake vinakwenda safari moja.

#47 Fundi Jiwe
Nami bado naona mnapandisha jambo juu sana. Rais wa chuo, Louis Hubbard, alikuwa na chuo kinachotaka kikanisa na hakina fedha ya kulipa vibarua. Serikali inatafuta mahali pa kuwapeleka vijana wakajifunze kazi. Wamekutana. Kingekuwa ni kisima, wangechimba kisima.

#48 Mwana Mkunazini
Na ungekuwa ni msikiti, Fundi?

#49 Fundi Jiwe
...Hapo wasingekutana.

#50 Mtoro wa Mabibo
Mkunazini amemaliza kazi niliyoianza mimi.

#51 Kuku Mgeni
Mimi nimebaki na hao maboi wa mawe. Wasichana wa vioo wanatajwa, mchoraji anatajwa, mwalimu, Eleanor. Ile siku ya uzinduzi waliketi wapi?

#52 Mzalendo wa Kwembe
Nje, kama sisi. Au walishapelekwa mradi mwingine.

#53 Mkaguzi wa Mafaili
Wengi wao miaka michache mbele walikuwa wamevaa sare za jeshi au wako kwenye viwanda vya silaha. Kuanzia 1940 NYA yenyewe iligeuzwa kuwa ya kufundisha mafundi wa viwanda vya vita, uchomeleaji, kukereza vyuma. Bunge likaifuta 1943, kazi zilikuwa zimewazidi watu.

#54 Bibi Harusi Mtarajiwa
Jamani nimesoma yote. Kinaingiza watu wangapi?

#55 Mama Wawili
Ni kidogo mdogo wangu. Kwa harusi ya Kibongo kamati peke yake itakijaza.

#56 Kijana wa Houston
Nimerudi. Mkaguzi, huyo Kellam aliyemrithi Johnson, baadaye aliishia wapi?

#57 Mkaguzi wa Mafaili
Alikuja kuwa meneja wa kituo cha redio cha KTBC, Austin.

#58 Kijana wa Houston
Redio ya nani?

#59 Mkaguzi wa Mafaili
Ya mke wa Johnson.

#60 Kijana wa Houston
Nimesema mimi?

#61 Mkaguzi wa Mafaili
Umesema Johnson alijenga kanisa. Kuwa na mtu wa kumwachia kiti si kujenga. Nenda kalale.